Tahasusi ya Mjomba

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania iliongeza tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65. Zimo za michezo, muziki, hata elimu ya dini. Majumbani mwetu, hata hivyo, zimebaki mbili: PCB ya udaktari na PCM ya uinjinia. Kijana mwenye F ya Fizikia anaambiwa ajaze tu, Mungu si Athumani. Selform, fomu ya kuchagua tahasusi, ni ya mtoto, ila kalamu kaishika mjomba, ambaye mwenyewe alisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), anauza vipuri Kariakoo, na ndiye anayeulipia ada ukoo mzima. Binti akithubutu kutaja Kiswahili na Historia, shangazi anamwonea huruma: “Jamani mwanangu, nani kakuroga?” Kwa Kiswahili fasaha kabisa.