Namna ya Kuzeesha Mvinyo wa Bordeaux Ukiwa Kilosa

Kwanza kabisa, usiuzeeshe. Kama ndugu yako ametoka Ulaya na kukuletea chupa ya mvinyo mwekundu wa Ufaransa, na wewe makazi yako ni Kilosa, Kimamba au Mikumi, ifungue kabla mwezi haujaandama. Ukiweza, ifungue Jumamosi hii. Nasema hivyo kwa kuupenda mvinyo wenyewe, maana naumia nikiona chupa ya maana imesimamishwa kabatini miaka minne, inasubiri harusi ya mtoto ambaye bado yuko kidato cha pili.

Wanaojua kazi hii wanataka chupa ilazwe gizani ili kizibo kisikauke, mahali pasipotikisika, penye nyuzi joto 12 hadi 14 mwaka mzima. Haya, tuzitafute nyuzi hizo hapa kwetu. Mji wa Kilosa umekaa bondeni kando ya mto Mkondoa, chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Sebuleni chini ya bati hazipo. Uvunguni hazipo. Juu ya friji, ambako wengi wetu huziweka chupa ili wageni wazione, ndipo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu pana joto la mashine na mtetemo usiku na mchana. Ndani ya friji kuna nafuu, ila umeme ukikatika na kurudi, joto hupanda na kushuka, mvinyo hutanuka na kunywea, kizibo husukumwa na hewa huingia. Mvinyo uliopikwa hivyo hunuka kama matunda yaliyochemshwa, na haurudi tena.

Ufaransa si mgeni kwenye bonde hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Kapteni Bloyet alikuwa na kituo cha Wafaransa hapa Kondoa ya Usagara, kando ya mto huuhuu. Lakini baridi ya kwao hakutuachia.

Ukibaki na ukaidi, tafuta shangazi anayeishi Mgeta, milimani Uluguru, ambako watu huvaa sweta. Mwombe kona yenye giza, mbali na jiko. Na hata huko usimwachie chupa miaka kumi.

Sasa, kwa nini wenzetu wanahangaika kuuzeesha? Ngozi na kokwa za zabibu, pamoja na mapipa ya mwaloni, hutia ndani ya mvinyo kitu kiitwacho tanini. Ndiyo ile inayokausha ulimi na fizi, kama chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake kwenye birika. Mvinyo mchanga wa Médoc, huko Bordeaux, wenye zabibu nyingi za Cabernet Sauvignon, una ukakasi wa namna hiyo. Miaka ikipita tanini hushikana, nyingine hutuama chini kama mashapo, na harufu ya matunda huwapisha ngozi, tumbaku na udongo. Ni jambo zuri kweli. Lakini ni mvinyo michache tu inayopata faida hiyo. Sehemu kubwa ya mvinyo wa Ufaransa hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, na Beaujolais ya kawaida hunywewa ingali changa. Majina makubwa ya Médoc yamo kwenye orodha ya madaraja iliyotolewa mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na tangu hapo kupanda daraja kukubwa ni kumoja, Château Mouton Rothschild mwaka 1973. Kama chupa yako haimo kwenye familia hiyo, huna cha kusubiri.

Tuje kwenye kuonja. Utaambiwa mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani. Chumba kinachosemwa ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba chako cha Kilosa saa tisa alasiri kinapita 30, na kwa joto hilo kileo hupanda puani na kufunika kila kitu. Kwa hiyo weka chupa kwenye friji nusu saa, au kwenye ndoo ya maji na barafu robo saa. Atakayekucheka mpe glasi aonje.

Mimina theluthi ya glasi. Zungusha, nusa, vuta funda dogo, lizungushe mdomoni kabla ya kumeza. Halafu sema unachokinusa wewe, kwa majina yako. Usijilazimishe kutaja matunda ya vichaka vya Ulaya ambayo hujawahi kuyatia kinywani. Zambarau ni jibu sahihi. Ukwaju, moshi wa mkaa, vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza, yote ni majibu sahihi.

Chakula chake tunacho: nyama choma ya ng'ombe yenye mafuta, na wafugaji Kilosa hawajapungua. Protini na mafuta ya nyama huishika tanini na kuulainisha ukakasi. Pilipili kali iwe mbali, huchochea moto wa kileo.

Na usijifunzie chupa ya gharama. Jifunzie mvinyo wa Dodoma. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950, na leo mkulima wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Anaulaza yeye kwa kuupogoa. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, na Kilosa ina stesheni yake. Nenda ukaonje zabibu ya Makutupora kwao.

Nanyi wenye hoteli na kambi za Mikumi, mnaopokea wageni wa hifadhini mwaka mzima, nawaomba mambo mawili: wekeni mvinyo wa Dodoma juu kabisa ya orodha yenu, na chupa ziondoeni kwenye rafu ya jua, zilazwe chumba chenye baridi.