Atavikulia

Mzazi wa Ulemo, kule Iramba, hamnunulii mtoto wa miaka miwili viatu, anamnunulia matarajio. Akishauza alizeti anakwenda mnadani, anaokota jozi ya mtumba inayomtosha mwanafunzi wa darasa la kwanza, kisha anatoa hukumu isiyo na rufaa: "Atavikulia." Muuza viatu, mchumi mwenzake, anaunga mkono: "Mama, mtoto hakui kurudi nyuma!"

Nyumbani vinashindiliwa vitambaa mbele, na safari inaanza. Mtoto aliyekuwa akikimbiza kuku sasa anaburuta miguu kama mzee anayetoka baraza la ardhi. Majirani wanauliza kama anaumwa.

Kipimo chenyewe ni bure. Msimamishe mtoto juu ya karatasi jioni, miguu ikiwa imetanuka. Chora yote miwili, fuata ulio mrefu, ongeza sentimita moja hivi, kata, nenda na mchoro wako mnadani. Rudia kila miezi miwili au mitatu, kwa kuwa umri huo mguu haungoji mavuno.

Lakini sisi tunabana matumizi! Siku mguu unapokifikia kiatu, soli imeshakwisha na mbele kumeachama. Hapo anarithishwa mdogo wake, ambaye naye, bila shaka, atavikulia.

Wazazi wenzangu, kama fedha haitoshi, mwacheni mtoto atembee peku uani palipofagiliwa. Mkinunua, nunueni kiatu cha mguu alio nao. Wa mwakani utanunuliwa mwakani.