Mtoto wa Pwani Ndani ya Boti ya Faiba

Huku Uingereza ukisema umetoka Tanga, halafu ukaongeza kwamba babu alikuwa na jahazi, umekwisha. Hakuna anayeuliza kama unajua kuendesha. Unakabidhiwa usukani hapo hapo. Mimi jahazini kwa babu nilikuwa mzigo. Nililazwa juu ya magunia ya mbata, nikatapika, nikashushwa.

Chombo cha kujifunzia klabuni kwetu ni Wayfarer. Alikibuni Mwingereza, Ian Proctor, mwaka 1957, kwanza kwa mbao, kisha ikaja faiba. Hakifiki mita 5, kina matanga mawili na mlingoti mmoja. Mwaka 1963 Frank Dye na mwenzake walikiendesha cha namna hiyo kutoka Uskochi hadi Iceland, baharini kabisa, bila paa. Habari hiyo walinisimulia ili kunitia moyo. Sisi tunasafiri kwenye bwawa la maji ya kunywa, ng'ambo unaiona, na bata wanatupita.

Kilichonishinda kumweleza mjomba kwa simu ni ule ubao wa katikati. Chombo hiki hakina mkuku mzito wala mirengu ya ngalawa. Kina ufa sakafuni, na ndani ya ufa mna ubao unaoteremshwa majini ili upepo wa ubavuni usikisukume kando kando.

"Kwa hiyo wamekitoboa makusudi?" mjomba akauliza.

"Ndiyo, mjomba."

"Haya. Mnavua?"

"Hatuvui."

"Mnabeba mizigo?"

"Hapana. Tunazunguka, tunarudi pale pale."

"Na wanakulipa shilingi ngapi?"

"Nawalipa mimi, mjomba."

Simu ikakatika. Alisema baadaye ni mtandao.

Halafu kuna mti wa chini ya tanga. Wazee wetu, Mungu awarehemu, foromali waliiweka juu, mbali na vichwa vya watu. Waingereza wameongeza mti mwingine unaolala usawa wa sikio. Jahazi likitaka kugeuza tanga, watu wanahangaika, wanaitana, una muda hata wa kumeza mate. Hapa mwalimu, mama mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, anasema neno moja tu, na mti umeshapita. Kofia yangu ya kwanza iko chini ya lile bwawa.

Kupinduka nako kuna utaratibu wake. Upepo ulikuja kwa ghafla, chombo kikalala, mwalimu akapiga kelele niachie kamba ya tanga. Kwetu ukipewa kamba chomboni ukaiachia, nahodha anakutaja kwa jina la mama yako, nikaishika barabara. Tukaingia majini, na maji ya Aprili huku hayana undugu na ya Raskazone kwetu Tanga. Boti ikilala ubavu, unaukanyaga ule ubao, unaegemea nyuma, mlingoti unanyanyuka. Lakini yetu ilijigeuza mzima mzima, ncha ya mlingoti ikachoma tope, na ubao, kwa kuwa hakuna kilichouzuia, ukateleza ukarudi ndani ya ufa wake. Nikabaki nimekumbatia tumbo la boti, laini, limeng'arishwa nta, halina pa kushika. Mwalimu alikuwa upande wa pili akinisifu kwa utulivu. Sikuwa mtulivu, taya zilikuwa zimeganda.

Yote hayo nayasamehe. Nisichosamehe ni kizibo. Nyuma ya boti mna chumba cha hewa kinachoizuia isizame, nacho kina tundu la kutolea maji, na tundu lina kizibo kidogo cha plastiki. Mzee mmoja wa klabu, mwenye fulana ya mashindano ya tangu enzi za ujana wake, aliniambia, "Nimeshakifunga, nenda." Tukaenda. Katikati ya bwawa omo ikaanza kutazama mawingu, na mimi huku nyuma nikaona maji yananifikia mapajani. Tulifua kwa ndoo mpaka gati. Kizibo kilikuwa mfukoni mwa koti lake, pamoja na pipi za mnanaa. Akanipa moja.

Basi, ndugu msomaji, ukialikwa kwenye chombo cha faiba, mwenyeji awe bingwa wa dunia au mjomba wako, zunguka nyuma, inama, kiguse kizibo kwa kidole chako mwenyewe kabla boti haijagusa maji.