Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Shule

Ndugu Mkuu wa Shule,

YAH: PONGEZI KWA KUIKAMATA HATI YA HAKI ZA WANAFUNZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakupongeza kwa wepesi wako. Bomba la shule limekauka tangu muhula uliopita na fundi hajaonekana, lakini karatasi mbili za daftari zilizobandikwa alfajiri kwenye ubao wa matangazo zilifika mezani kwako kabla ya kengele ya mstarini. Walioziandika, binti yangu akiwa mmoja wao, wakapewa kisiki cha mwembe wakang'oe. Wazazi tumefarijika: kumbe ofisi ikiamua, inaweza.

Hati yenyewe nimeisoma, maana binti aliinakili nyuma ya daftari la Hisabati. Inatisha kweli. Inadai mwanafunzi aambiwe kosa lake kabla ya kuchapwa, si baada. Inataka asirudishwe nyumbani katikati ya mtihani kwa sababu ya mchango wa mlinzi. Wasichana wanaomba choo ambacho mlango wake unafungwa. Wapo waliothubutu kuandika kwamba kuwachotea walimu maji ya nyumbani si somo, kwa kuwa hawajawahi kuliona kwenye ratiba. Halafu kuna kifungu cha viboko: visizidi vinne, vitolewe kwa idhini yako, viandikwe kitabuni.

Hicho cha mwisho, Mkuu, ndicho kilichoninyima usingizi. Hawakukitunga. Wamekitoa kwenye kanuni za Serikali za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni. Mimi ningekuwa kidato cha tatu ningedai fimbo ichomwe moto. Hawa wameomba ihesabiwe tu. Uasi wenye adabu kiasi hiki hatujauzoea, na sijui tuuchape wapi.

Nimetafuta aliyewaharibu watoto hawa, na mshukiwa wa kwanza ni somo la Uraia. Binti yangu alipokuwa kidato cha kwanza uliwahi kumkabidhi zawadi, mbele ya wazazi, kwa kuongoza somo hilo. Ukizitaja haki za binadamu kwenye karatasi ya mtihani unapewa kalamu na madaftari; ukizitaja kwenye ubao wa matangazo unapewa kisiki. Tofauti hiyo ingefundishwa mapema tusingefika hapa. Mshukiwa wa pili ni Bunge, ambalo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, lilimpa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Sina hakika kama lilikushauri.

Lakini nadhani kosa kubwa la watoto hawa ni la kiutaratibu. Kila tarehe 16 Juni unawapeleka wanafunzi uwanjani kuadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, kuwakumbuka wenzao wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 walipogoma kufundishwa kwa lugha ya Makaburu. Wanasimama juani hadi mgeni rasmi atakapofika (huwa ana kikao kingine), kisha mmoja anasoma risala. Ya mwaka jana ilikuwa tamu: sisi watoto tunaomba tusikilizwe. Mwalimu aliiandika, wewe ukaipitisha, mtoto akaikariri, ukapiga makofi ukiwa kiti cha mbele. Sasa hawa wameomba yaleyale Jumanne ya kawaida, kwa mwandiko wao, bila turubai wala mgeni rasmi. Nani atawaelewa?

Nasikia pia umemhoji kaka mkuu kwa nini hakuwazuia wenzake. Umemwonea. Wanafunzi walimpigia kura mwingine, ukamteua huyu kwa kuwa ni mtulivu, naye ametulia.

Nina ombi moja dogo. Jumatatu saa mbili asubuhi nitafika ofisini kwako kukiona kile kitabu cha viboko: majina, makosa, idadi na saini yako. Kama kimepotea, usihangaike. Pale stendi wanauza kaunta buku ngumu, nitakuja nayo pamoja na rula ya kupigia mistari, na huo mchango sitadai stakabadhi.

Wako mtiifu,

Mzazi wa kidato cha tatu

Nakala: Ubao wa matangazo