Karatasi 40 za Kalengera

Katika saikolojia, dodoso ni karatasi ya maswali inayotumiwa kupima mambo yasiyoonekana kwa macho, kama vile wasiwasi, huzuni au kuridhika, mara nyingi kwa kumtaka mhojiwa achague namba kuanzia 1, yenye maana ya "sikubali kabisa", hadi 5, yenye maana ya "nakubali kabisa". Kipimo hiki, kilichotungwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932, huonekana chepesi mpaka siku kinapofikishwa Kalengera, kwenye barabara ya Goma kuelekea Rutshuru, mbele ya mwendesha chukudu aliyeegemeza kando ya njia chombo chake cha mbao cha magurudumu mawili pamoja na magunia yake ya makala, yaani mkaa, ambaye akiulizwa kama wiki hii amelala vizuri hujibu: "Mungu anajua." Jibu hilo halina kisanduku. Mtafiti mwenye imani huliandikia 5, mwenye mashaka huliandikia 3, na mwenye njaa huliandikia namba iliyo karibu zaidi na ncha ya kalamu.

Mtafiti anayehusika kwa kawaida ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambaye hurejea Goma na karatasi 40 zilizolowa mvua, huingiza namba zote katika kompyuta, kisha humwendea mwalimu wa takwimu kumwuliza ni uchanganuzi gani unaofaa. Swali hilo ni zuri, ila limefika likiwa limechoka. Mwaka 1938, mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher aliwaeleza wenzake wa India kwamba anayemwita mtakwimu baada ya jaribio kwisha humwita daktari apasue maiti, na kwamba pengine daktari huyo ataweza tu kusema marehemu alikufa kwa nini. Huko Goma marehemu huletwa ndani ya flashi.

Jambo la kwanza linaloua ni wastani, yaani jumla ya namba iliyogawanywa kwa idadi ya watu. Ikiwa watu 20 wameandika 1 na wengine 20 wameandika 5, wastani ni 3, namba ambayo hakuna aliyeichagua, na ripoti itatangaza kwamba waendesha chukudu hawana msimamo, ilhali nusu yao wamekasirika na nusu wanaimba. Hata kati, yaani thamani inayopatikana katikati baada ya majibu kupangwa kuanzia dogo hadi kubwa, itatoa 3 ileile; kinachosaidia hapo ni kuhesabu tu nani alisema nini. Kwa kulinganisha makundi mawili katika swali moja la namna hii, ipo njia ya Mann na Whitney ya mwaka 1947, ambayo haijali ukubwa wa namba bali hupanga majibu kwa daraja.

Uchache wa watu si dhambi. Jaribio la t, linalolinganisha wastani wa makundi madogo, lilibuniwa na William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, aliyelichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia "Student", na hadi leo hutumiwa bila aibu hata na wanafunzi wa theolojia wasioonja pombe. Tatizo la uchache ni macho: ili tofauti ya wastani baina ya makundi mawili, ambayo si kubwa wala ndogo, ionekane mara 8 katika kila majaribio 10, huhitajika watu wapatao 64 katika kila kundi, na kwa watu 20 nafasi hiyo hushuka hadi karibu theluthi moja. Anayevua sambaza, wale samaki wadogo, kwa wavu wa matundu makubwa asitangaze kwamba Ziwa Kivu halina samaki.

Kosa la kinyume chake ni tamu zaidi. Dodoso lenye maswali 20 lina jozi 190 za maswali, na programu ya kompyuta, ambayo haijui kuona haya, itazipima zote kwa mbofyo mmoja. Kwa kuwa kiwango cha kawaida huruhusu kosa la bahati 5 katika kila 100, kwa wastani jozi 9 au 10 zitang'aa hata kama watu wote walijibu kwa kurusha sarafu. Hapo ndipo sura nzima huandikwa juu ya uhusiano wa kupenda maharagwe na kuogopa uzee.

Hata hivyo, ugonjwa wenyewe uko barabarani. Majaribio yote yaliyotajwa hudai kwamba kila mhojiwa amejibu kwa kichwa chake, lakini dodoso husomwa kwa sauti mbele ya watu sita waliokaa benchi moja, papa, yaani baba, mwenye umri mkubwa akajibu kwanza, na waliobaki wakasema: "Andika kama papa alivyosema." Karatasi ni 40, mabenchi ni 7, maoni nayo ni 7, na hakuna kitufe cha kompyuta kinachoweza kuyarudisha yale 33, ingawa mwanafunzi hodari huendelea kukitafuta hadi umeme ukatike.

Kwa karatasi hizo za Kalengera, uchanganuzi uliofaa ni jedwali moja la hesabu ya majibu, likifuatwa na sentensi moja inayokiri habari ya benchi. Vyote viwili vinaenea katika ukurasa mmoja na nusu. Msimamizi aliyeagiza kurasa 60 atavumilia.