Mafuta Yameganda Tena

Jumatatu

Mafuta ya nazi yameganda tena. Wifi aliyenitumia kutoka Lindi hajawahi kuamka hapa Msamala, Songea, mwezi wa saba, ndiyo maana aliyatia kwenye chupa yenye mdomo wa kupitisha kijiti. Mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Lindi haina haraka ya kufika huko. Nimechokoa kwa kijiti, kijiti kikabaki ndani. Nimeitumbukiza chupa kwenye sufuria ya maji ya moto, mafuta yakarudi kimiminika kama kitabu kinavyosema, kijiti kikaelea vizuri kabisa, na kengele ya shule ikalia.

Wiki hii darasa la nne wanaanza mabadiliko ya maada. Kwenye andalio la somo, sehemu ya zana, nimeandika: barafu, kipimajoto, mshumaa. Mwalimu mkuu amesaini bila kuuliza barafu inatoka wapi.

Jumanne

Barafu inatoka kwa dada wa dukani, mwenye friza. Jana jioni nilimpelekea chupa ya kioo yenye maji nusu. Yeye ni mtu wa haki.

“Mwalimu, nimekuongezea mpaka juu, nisije nikaonekana nakupunja.”

Akafunga na kizibo. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na kwenye chupa iliyojaa hizo asilimia 9 hazina pa kwenda. Asubuhi tumekuta chupa imepasuka vipande na barafu imesimama wima yenyewe, ina umbo la chupa, shingo na yote. Vigae vimeingia kwenye samaki wake wa Mbamba Bay. Tumekubaliana nilipe nusu ya samaki.

Nimeifunga barafu kwenye khanga nikapanda bodaboda. Imefika nzima. Nikaiweka kwenye beseni chumba cha walimu, kikaitwa kikao cha dharura kuhusu mchango wa uji. Mama wa chai, kwa huruma zake, akaona beseni lina baridi, akalisogeza karibu na jiko la mkaa. Kikao kimeisha saa tano. Nimeingia darasani na beseni la maji.

“Mwalimu, barafu iko wapi?”

“Ndiyo hii.”

Wameandika.

Jumatano

Leo nimechemsha maji mbele ya darasa. Yamechemka kwa fujo, mapovu na mvuke, kila dalili, lakini kipimajoto kimegoma kwenye nyuzi 96. Mwalimu wa Hisabati, mzaliwa wa Tanga mjini, alikuwa anapita dirishani. Kwao maji huchemka kwa nyuzi 100 na haoni kwa nini ya Songea yapewe unafuu. Nimemweleza kwamba tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa inayoyakandamiza maji hapa ni pungufu, kwa hiyo yanachemka mapema, na ndiyo maana pia maharage yetu yanakula mkaa kuliko ya pwani. Amesikiliza mpaka mwisho. Kisha ameandika kwenye daftari la stoo: kipimajoto kimoja, kibovu. Ufunguo wa stoo anao yeye.

Kipindi cha pili nilikuwa nimeshawaambia kwamba badiliko la kiumbo mara nyingi hurudi lilikotoka: maji huwa barafu, barafu huwa maji. Mtoto wa dawati la nyuma akasimama. Sahani ya nyumbani kwao ilivunjika Jumapili. Kama kuvunjika nako ni badiliko la kiumbo, basi itarudi, na yeye amechapwa bure.

Ni swali zuri, na maandalio mengi ya somo, langu likiwemo, hulipita kwa mbio. Nimewaambia waachane na habari ya kurudi, waangalie kama kimepatikana kitu kipya. Kigae cha sahani ni kitu kile kile kilichokuwa sahani, hata kama mama hataki kusikia. Kuni zikipasuliwa bado ni kuni; zikiungua, majivu na moshi si kuni tena. Mahindi yakisagwa ni mahindi, madogo sana.

Hapo mwingine akanyoosha mkono. Baba yake alipeleka mashine kilo 20 za mahindi, zikarudi kilo 17, pumba zikiwemo. Hizo tatu zimebadilika kuwa nini? Nimejibu kwamba hilo si badiliko la kiumbo wala la kikemikali. Darasa zima, watoto wa wakulima watupu, limecheka kama kikao cha wazee.

Alhamisi

Mvua zilishakatika tangu mwezi wa tano, lakini asubuhi bati la darasa limevuja. Matone yameanguka kwenye madaftari, wino ukasambaa, na mchoro wa hali tatu za maada umekuwa hali moja. Hakuna tundu. Usiku mbingu ikiwa nyeupe bati hupoa kabisa. Asubuhi watoto wamebanana, madirisha yamefungwa kwa baridi, mvuke wa pumzi zao unapanda, unagusa bati na kugeuka maji.

Nimelieleza hili mbele ya kamati ya shule. Kamati imemwita fundi. Fundi amepanda, amezunguka, ameteremka, ameomba pesa ya lami, amepanda tena, na ameziba mahali ambapo hapakuwa na kitu. Amelipwa.

Ijumaa

Bati limevuja.

Mwalimu wa Hisabati amekuja na habari ya mkoani kwao. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliwahi nafasi kwenye friza kwa kuingiza mchanganyiko wa aiskrimu ungali wa moto, nao ukaganda kabla ya uliopozwa. Alichekwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam aliyekuwa amewatembelea, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama jambo hilo hutokea kweli, na lini. Mwenzangu ameona Msamala iamue. Tumempelekea dada wa dukani makopo mawili ya plastiki, moja la maji ya moto na moja la baridi, yote nusu, na tumemwomba asitutendee haki. Saa moja baadaye umeme umekatika mtaa mzima. Yote mawili yamebaki maji. Mwenzangu anasema matokeo ni sare.

Nimesahihisha madaftari kwa mshumaa. Nta imetiririka mpaka kwenye sketi ikaganda. Nta hiyo ni ile ile, imeyeyuka na kupoa tu. Iliyoungua utambini ndiyo imekwenda moja kwa moja, imekuwa mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Kuitoa ya kwenye sketi ni rahisi: unaweka karatasi juu, unapitisha pasi, nta inayeyuka na kunyonywa na karatasi. Nimepitisha pasi ya mkaa. Nta imetoka yote. Cheche nayo imetoka. Sasa sketi ina badiliko la kiumbo upande wa kushoto na la kikemikali upande wa kulia, na nimeiongeza kwenye orodha ya zana.

Jumapili

Baridi ya kanisani imenilazimisha kutoa koti sandukuni. Vidonge vya naftalini nilivyoweka mifukoni Desemba havipo hata kimoja. Shangazi amemshuku binti wa kazi, kisha panya. Nimemweleza kwamba naftalini hutoka yabisi ikawa gesi bila kupitia kimiminika, na kwamba havijapotea, vimo ndani ya kitambaa. Shangazi amenusa, amekubali.

Kwenye misa benchi letu lilikuwa na nafasi ya kutosha, jambo ambalo Jumapili halitokei. Wakati wa matoleo, mzee wa kanisa amenifikishia kikapu akiwa amesimama mbali, kwa mkono ulionyooka wote.