Kitabu cha Mashine kwa Kilo

Tusi la adui huvumilika, lakini la mizani halijibiki. Tandaza vitabu vya mitumba karibu na stendi ya Garsen, mji wa Mto Tana nchini Kenya, na kati yake weka kitabu kinene cha kigeni kuhusu mashine za boti za zamani, kile ambacho hakichapwi tena popote. Ofa ya kwanza haitatoka kwa nahodha wala kwa fundi. Itatoka kwa muuza njugu, naye ataulizia kilo. Mwandishi ni nani, hilo halimhusu. Atakunja ukurasa mmoja kuona kama unafanya koni nzuri, atagundua kwamba karatasi ya picha inateleza mno na chumvi haishiki, kisha atakirudisha kitabu mahali pake kwa upole wa kumwonea mtu huruma. Hapo ndipo fedheha inapokamilika: kitabu kimekosa mnunuzi kama kitabu, na hata kama karatasi kimefeli.

Ni rahisi kusema Garsen si soko la vitabu, mambo yakaishia hapo. Mimi nasema kosa liko kwenye bei, maana imepangwa miguu juu kichwa chini. Chukua Old Marine Engines cha Stan Grayson, kilichotoka Marekani mwaka 1982, kuhusu mashine za silinda moja. Vitabu vya aina hiyo husakwa na watu wenye gereji safi, ambao mashine yao imepakwa rangi, imekalishwa juu ya stendi ya mbao na huwashwa Jumapili ili majirani waisikie. Haivushi hata kuku. Hao ndio wanaopandisha bei. Mwenye mto mbele yake, abiria wamejaa, mbuzi wamefungwa miguu, na mashine imegoma katikati ya maji, soko halimhesabu kuwa mnunuzi. Na kama hoja ni urithi, Tana haina haja ya kuomba radhi kwa mtu. Mwaka 1891 Kamanda Dundas aliupanda mto huu kwa stima ya kampuni ya Waingereza, iliyoitwa Kenia na kusukumwa na gurudumu la nyuma. Wakati huo Rudolf Diesel alikuwa hajapata hataza ya mashine yake, na Ole Evinrude, ambaye mwaka 1909 angeanza kuuza mashine za kutundika nyuma ya boti huko Milwaukee, alikuwa mvulana wa miaka 14.

Hapa lazima nitue kwenye mashine ya kichwa-moto, maana asiyeijua hawezi kuelewa kwa nini mtu mzima aandike kitabu kizima juu ya chuma. Mwingereza Herbert Akroyd Stuart aliikatia hataza mwaka 1890, na kampuni ya Bolinder ya Stockholm ikaja kusifika kwa kuitengeneza kwa ajili ya boti. Haina plagi, haina betri, haina hata waya mmoja wa kulaumiwa. Juu ya silinda pana tufe la chuma lililo wazi ndani. Unalichoma kwa stovu ya kupuliza mpaka liive, na kufikia hapo abiria wameshaanza kuulizana kama si afadhali kutembea. Kisha unalitikisa gurudumu zito kwa mkono au mguu, mafuta yanarushwa ndani, yanagusa chuma cha moto na kulipuka, pistoni inasukumwa. Tangu hapo milipuko yenyewe ndiyo inayolitunza joto la tufe, na stovu unaizima. Itakunywa mafuta ya taa, mafuta mazito, karibu kila kinachomiminika na kuungua. Lakini uhondo hasa uko hapa: mashine hii haijui mbele wala nyuma, huzunguka upande wowote ilioanzia. Bolinder nyingi hazikuhitaji gia ya kurudi. Uliipunguza mwendo mpaka ikaribie kukata roho, ukairushia mafuta kabla ya wakati wake, nayo ikashtuka na kugeuza mzunguko. Ukikosea kidogo, imezima. Ukikosea kwa namna nyingine, ulikuwa unakwenda Kipini na sasa unarudi Garsen kinyumenyume, mashine ikinguruma kwa furaha ile ile. Kurasa zinazoeleza mambo hayo, pamoja na michoro ya silinda iliyopasuliwa katikati, zina mikasa mingi kuliko riwaya za mapenzi zinazonunuliwa haraka kando yake.

Utaniambia kwamba Tana haina Bolinder, watu wanatumia Yamaha za petroli, zile za kuchanganya oili kwenye tangi na kuvuta kamba. Sawa kabisa, na ndiyo hoja yangu. Mwaka 1996 Marekani ilitoa kanuni za moshi wa mashine za boti, na mashine za kabureta za namna hiyo zikaanza kusukumwa nje ya soko la huko; Ulaya nayo ikafuata. Mashine ambayo kwetu ni ya kazi mtoni, kule inakaribia kuwa pambo la wakusanyaji. Mafuriko ya 2023 yalipofunika barabara kati ya Madogo na Garissa, watu walivushwa kwa boti, na hakuna aliyeuliza kama mashine yake imepitwa na wakati. Vitabu vya mashine hizo ndivyo vitakavyopitwa, kisha vitapandishwa bei mpaka viwe vya mwenye gereji safi.

Na hapa mzaha unanitoka. Mchapishaji ameacha kuchapa kwa sababu haoni faida, na ni haki yake. Kukichapa upya bila ruhusa ni kosa, maana sheria ya Kenya inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Sina ugomvi na mwandishi kula jasho lake. Lakini kitabu cha mtumba hakimlipi hata senti! Yeye hapati, fundi hapati, anayefaidi ni rafu. Ukitafuta cha kuziba pengo kwa Kiswahili, chenye michoro ya pampu ya maji inayotafunwa na tope la Tana, utatafuta sana. Na anayetaka kukiandika akumbuke kwamba Sheria ya VAT ya 2013 iliviingiza vitabu kwenye kodi ya asilimia 16, kana kwamba ni manukato.

Wapo wanaosema fundi hasomi Kiingereza na video zimejaa kwenye simu. Mchoro wa kabureta hauna Kiingereza, na video humwonyesha mtu mwingine akitengeneza mashine nyingine mahali penye mtandao.

Ninachopendekeza ni kitabu hiki kikodishwe kwa siku, kama jeki. Mkusanyaji atanung'unika kwamba oili itaingia kwenye kurasa na kushusha thamani. Fundi atafurahi, maana ukurasa wenye oili nyingi utamwonyesha pa kuanzia. Lililobaki ni amana. Vitambulisho havifai, watu huviacha na kwenda kuomba vingine. Anayekodi aache propela.